Koti Lipo

Mgeni akifika katika nchi ile huambiwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba muda ni mali. La pili ni kwamba mwenye mali ametoka kidogo.

"Kidogo" ni kipimo cha muda katika nchi ile, na wageni wengi wamepata hasara kwa kudhani kwamba ni kipimo kifupi. Ofisa aliyetoka kidogo anaweza kurudi kabla ya chai, na anaweza kurudi baada ya uchaguzi mkuu. Ushahidi kwamba atarudi ni koti lake, lililotundikwa kwenye mgongo wa kiti. Mwananchi akifika na shida yake huoneshwa koti hilo kwa kidole. "Yupo," huambiwa, "ila ametoka kidogo. Si unaona koti lake?" Mwananchi hulitazama koti, hutosheka kwamba serikali ipo, kisha huketi kwenye benchi.

Ni lazima niongeze kwamba nchi ile ni ya joto. Hakuna mwezi ambao mtu mwenye akili timamu angehitaji koti. Hata hivyo kila ofisa analo, na wakubwa wanayo mawili: moja la kuwepo ofisini, na moja la kwenda nalo wanakokwenda.

*

Mwaka ninaousimulia, Waziri wa Muda na Mahudhurio, Mheshimiwa Theofili Makunja, alirejea kutoka kwenye semina ya matumizi bora ya muda kazini. Semina ilifanyika ng'ambo, na ilifanikiwa kiasi kwamba alikaa huko misimu miwili ya mvua. Alirudi na cheti, mkoba wenye nembo na tabia ya kutazama saa ya mkononi kabla ya kusema jambo lolote.

Watumishi wote wa serikali waliletwa uwanja wa ndege kumsikiliza. Waliletwa asubuhi. Ndege ilitua alasiri. Hotuba ilihusu ubaya wa kuacha meza za kazi bila sababu.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, akaitazama saa yake. "Nimejifunza kwamba siku ina saa ishirini na nne. Jambo hili lilikuwa halijatufikia rasmi."

Makofi.

"Nimejifunza pia kwamba mtu mwenye mpango huanza na jambo kubwa, ndipo hufuata madogo. Sisi hapa tumezoea kuanza na chai. Nawauliza: chai ni jambo kubwa, au jambo dogo?"

"Kubwa!" watumishi waliitikia, nao hawakuwa wamepata chai tangu alfajiri.

"Basi tulikuwa sahihi siku zote. Tulichokosa ni cheti."

Akakiinua juu. Bendi ikapiga. Kisha Waziri akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu mtumishi yeyote atakayekutwa hayupo kazini atafukuzwa, awe mdogo au mkubwa, na hakutakuwa na kuoneana haya.

Jumatatu wakaguzi walipita. Matokeo yalikuwa mabaya kwa namna isiyotarajiwa. Wadogo walikutwa nusu kwa nusu, lakini wakubwa hawakukutwa hata mmoja. Waziri mwenyewe hakukutwa. Alikuwa hotelini, kwenye semina ya kutoa taarifa ya semina. Kwa mujibu wa tangazo lake, nchi ilipaswa kubaki bila serikali kufikia Jumanne. Serikali iliona kwamba kosa haliwezi kuwa la serikali, kwa hiyo lazima liwe la neno.

Bunge likaitwa kulichunguza neno.

*

Neno lenyewe lilikuwa "yupo." Mshauri wa Lugha wa Bunge, Profesa mmoja mwenye sauti nyembamba, alipewa kipaza sauti.

"Waheshimiwa," alisema, "lugha yetu si maskini. Mataifa mengine yana namna moja tu ya mtu kuwepo mahali. Sisi tunazo tatu. Mtu anaweza kuwa yuko, anaweza kuwa yupo, na anaweza kuwa yumo. *Yuko* ni popote pale. Kwa hiyo hakuna mtumishi ambaye hayuko. Hata marehemu yuko."

"Kweli!" walisema wabunge.

"*Yumo* ni ndani. Nani yumo ndani ya nini, hasa nyakati za mchana, si jambo ambalo serikali yenye heshima inapaswa kuulizia."

"Kweli kabisa!"

"Inabaki *yupo*. Huyu ni mtu aliye mahali panapojulikana. Sasa mahali pa mtumishi panapojulikana ni wapi? Ni kiti chake. Na tutajuaje kwamba kiti ni chake? Kwa koti. Kwa hiyo, kisarufi, koti likiwepo, mtu yupo."

Bunge lilisimama kumshangilia. Sheria iliandikwa siku hiyohiyo, kwa kasi ambayo Waziri aliitaja baadaye kama tunda la kwanza la semina: *Mtumishi atahesabiwa kuwa yupo endapo koti lake lipo.*

Mbunge mmoja wa upinzani alisimama. "Mheshimiwa Spika, na mtu mwenyewe je?"

"Swali hilo linahusu yuko," alijibu Spika. "Lipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje."

Wakaguzi walipita tena. Mahudhurio yalikuwa kamili nchini kote, isipokuwa kwenye dirisha moja.

*

Dirisha hilo lilikuwa la Idara ya Visima, na karani wake aliitwa Bi Zamoyoni Kilenge. Kazi yake ilikuwa kupokea maombi ya watu wanaotaka kuchimba visima, kuyasoma, na kuwajibu. Alikuwa na desturi moja: alikamilisha ombi lililo mkononi kabla ya kushika jingine. Wenzake waliiona desturi hiyo kama matumizi mabaya ya muda. "Ukimaliza leo, kesho utafanya nini?" walimuuliza, nao walimuuliza kwa wema. Alizeeka kidogo kidogo akiwa hapohapo, bila kupanda cheo, kwa sababu wa kumpandisha walikuwa wametoka.

Juu ya kichwa chake palikuwa na kiyoyozi. Kiliwekwa na mkurugenzi wa zamani aliyependa baridi kama ya nchi aliyosomea. Rimoti yake ilikuwa ndani ya droo ya mkurugenzi wa sasa, droo ilikuwa imefungwa, na funguo alikuwa nazo mkurugenzi, aliyekuwa ametoka kidogo. Kiyoyozi kilipuliza mchana kutwa. Kwa hiyo Bi Zamoyoni alikuwa mtumishi pekee katika jamhuri nzima aliyekuwa na haja ya koti. Alilinunua mitumbani: la sufu, la kijivu, zito kama gunia la chumvi, lenye tiketi ya treni ya mji asioujua mfukoni. Alilivaa akifika na kulivua akiondoka.

Mkaguzi wa Makoti, Inspekta Shomvi, aliingia kwa upande wa nyuma, akachungulia kiti, akaandika. Kisha akabisha hodi kwa kutimiza adabu.

"Bi Zamoyoni yupo?"

"Ndiye mimi, baba. Karibu."

"Sikuuliza ni nani. Nimeuliza kama yupo."

"Si ndiyo huyu unayesema naye?"

Shomvi alikitazama tena kiti. "Koti liko wapi?"

"Nimelivaa."

"Ahaa. Basi unaondoka."

"Siondoki. Nasikia baridi."

"Mama, mimi nimekwenda kozi. Mtu aliyevaa koti ofisini, ama anaingia, ama anatoka. Anayeingia saa hizi amechelewa. Anayetoka saa hizi ametoroka. Chagua mwenyewe, nisije nikakuonea."

"Nimeketi, Inspekta. Sichelewi wala sitoroki. Nimeketi."

"Kuketi hakumo kwenye sheria."

Kwenye foleni nje ya dirisha alisimama bwana mmoja aitwaye Mjaka, mkulima wa vitunguu, ambaye alikuwa anafuatilia kibali cha kisima. Aliingiza kichwa dirishani.

"Inspekta, kama huyu mama hayupo, mimi nazozana na nani tangu asubuhi?"

"Wewe raia, tulia kwenye mstari wako."

"Nimetulia. Nauliza tu, maana akiwa hayupo na bado ananijibu hivi, siku akiwepo si atanipiga?"

Foleni ilicheka. Shomvi hakucheka, alieleza kwa upole kwamba dawa ni ndogo. Bi Zamoyoni alivue koti, alitundike kwenye kiti, naye atakuwa yupo.

"Nikilivua nitaganda."

"Ganda, mama. Lakini ganda ukiwa upo."

*

Bi Zamoyoni aliitii sheria. Alilitundika koti nyuma yake na kufanya kazi bila koti. Matokeo yalikuwa ya kitaalamu kabisa na yanaweza kuelezwa bila huruma: mikono ilianza kutetemeka, na mhuri uliokusudiwa kupigwa mara moja ulipigwa mara mbili. Kwa kuwa mhuri mmoja ni kibali kimoja, watu walioomba kisima kimoja walijikuta na viwili. Bwana mmoja wa mlimani alipewa vitatu, kwa sababu zamu yake iliangukia kwenye chafya.

Idara ilimwandikia onyo kwa kumwaga maji ya taifa.

Basi Bi Zamoyoni akafanya ambalo angelifanya mtu yeyote mwenye akili: alinunua koti la pili. La kijivu alilitundika kitini ili awepo, na la pili, la kahawia, akalivaa ili afanye kazi. Kwa siku kadhaa Idara ya Visima ilienda vizuri kuliko wakati wowote, na hilo ndilo lililowatia wakubwa wasiwasi. Shomvi alirudi.

Alilishika la kijivu kwa vidole viwili. "Hili ni la nani?"

"Langu."

"Na hilo ulilovaa?"

"Langu pia. Yote mawili ni yangu."

Shomvi aliketi. Alionekana kusikitika kwa dhati, na sina sababu ya kutomwamini. "Mama, unajua ulichofanya? Koti moja ni mtumishi mmoja. Sasa nina makoti mawili na jina moja. Maana yake mmoja kati yenu ni mtumishi hewa."

"Kati yetu nani na nani?"

"Wewe na hili." Alilitikisa la kijivu. "Hili lipo kitini. Limekuwa kitini kila siku, halijachelewa hata mara moja, halijaomba ruhusa ya msiba. Kwa mujibu wa sheria, hili ndilo Bi Zamoyoni Kilenge. Tatizo ni wewe uliye ndani ya la kahawia."

"Mimi nina tatizo gani?"

"Wewe ni hewa."

Nje, Mjaka alisikia. "Mama!" aliita. "Kwa hiyo kibali changu kimesainiwa na nani?"

"Na hewa," alijibu Bi Zamoyoni.

"Lo! Basi nikichimba nitapata upepo."

Hapa msomaji asicheke kupita kiasi. Mtumishi hewa katika nchi ile huondolewa kwenye utumishi kana kwamba hakupata kuajiriwa. Kiinua mgongo chake hufutika, nyumba ya serikali huikabidhi, na miaka yake ya kazi hupewa mwenye haki nayo, ambaye katika kesi hii alikuwa koti la kijivu. Bi Zamoyoni hakuwa na shamba wala duka, na hakujua kazi nyingine zaidi ya kusoma maombi ya watu na kuwajibu. Aliandikiwa barua ya kuitwa kwenye Kamati Kuu ya Nidhamu kwa kosa la kujifanya yeye mwenyewe.

*

Kamati Kuu ya Nidhamu hukutana katika ukumbi wenye meza ndefu. Mwenyekiti wake ni Waziri wa Muda, na wajumbe wake ni wakurugenzi wote wa idara. Bi Zamoyoni alifika mapema, amevaa gauni lake la kanisani. Alikuta kamati imetimia.

Makoti yalikuwa yamejipanga kila upande, kila moja kwenye kiti chake: ya bluu, ya mistari, moja la mkurugenzi wa mazingira la rangi ya majani. Kwenye kiti cha mbele lilikaa koti jeusi la Waziri lenye cheti cha semina kimebandikwa kifuani. Mbele ya kila koti paliwekwa chupa ya maji, sambusa mbili, na kikombe. Mtu pekee aliyekuwa na pumzi alikuwa katibu wa kamati, Bwana Yusto, mzee mnyofu aliyeajiriwa kuandika yanayosemwa na ambaye kwa muda sasa alikuwa na kazi nyepesi.

"Akidi imetimia," alisema Yusto. "Tunaanza. Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako." Alilitazama koti jeusi, akasubiri kwa heshima, akaendelea. "Mshitakiwa anadaiwa kwamba yeye ni hewa. Mshitakiwa, una la kusema?"

"Ninalo. Lakini kwanza nauliza, mzee wangu: wenyewe wako wapi?"

Yusto alishusha sauti. "Dada yangu, swali hilo ni la Mambo ya Nje. Usilirudie, litakuharibia."

"Lakini wapo?"

"Wapo. Kisheria wapo wote. Unayaona."

Bi Zamoyoni aliutazama ule mstari wa makoti. Alikuwa amezoea kusoma maombi, na alijua kwamba ombi zuri ni fupi. Alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti na waheshimiwa wajumbe. Naomba kamati hii iamue jambo moja: kwamba mimi, Zamoyoni Kilenge, nipo. Nipo mwenyewe, kwa mwili wangu huu, niwe na koti au nisiwe nalo. Nimemaliza."

Akaketi.

Bwana Yusto alikohoa. Utaratibu aliujua kwa kichwa, ila hakuwahi kuutumia kwenye hoja iliyotoka upande ule wa meza. "Hoja imetolewa. Kuna mjumbe anayepinga?"

Kimya.

"Nauliza tena. Kuna mjumbe yeyote anayepinga?"

Dirisha lilikuwa wazi. Upepo uliingia, na mkono wa koti la Waziri ukainuka kutoka ubavuni mwa kiti, polepole, ukabaki hewani. Bi Zamoyoni aliushika ukingo wa meza. Yusto akasimama wima.

"Mheshimiwa Mwenyekiti anataka kuchangia?"

Upepo ulipita. Mkono ukashuka, ukaning'inia kama mwanzo.

"Ameghairi," alisema Yusto, akajifuta jasho. "Kanuni ya kumi na moja: anayenyamaza amekubali. Hoja imepita bila kupingwa." Aliandika. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani, "Hongera, dada. Chukua sambusa. Wajumbe wameshiba."

*

Wajumbe waliposoma uamuzi wao kwenye gazeti, walikasirika. Kilifanyika kikao cha dharura, safari hii kwa miili, kwenye hoteli ya ufukweni, na wote walikubaliana kwamba uamuzi ufutwe. Ilihitajika tu mjumbe mmoja aseme hadharani kwamba hakuukubali.

"Sema wewe," mkurugenzi wa visima alimwambia wa mazingira.

"Niseme nini? Nikisema sikukubali, wataniuliza kwa nini sikupinga."

"Utasema hukuwepo."

"Nisiwepo, nifukuzwe? Kwa nini usiseme wewe? Karani ni wako."

"Mimi nilikuwepo," alisema mkurugenzi wa visima upesi. "Nilikuwepo tangu mwanzo wa kikao."

"Hata mimi."

"Mimi ndiye niliyefika wa kwanza."

Wote walimgeukia Waziri. Mheshimiwa Makunja aliitazama saa yake kwa kitambo kirefu, kisha akaomba aitiwe waandishi wa habari.

"Nilikuwepo," aliwaambia. "Niliisikiliza hoja ya mama yule kwa makini makubwa, na niliiunga mkono kwa moyo wangu wote. Wale waliokuwepo wataniambia kama nasema uongo." Wajumbe nyuma yake walitikisa vichwa kwamba hasemi uongo.

Hapo mambo yangeisha, kama si mwanasheria mmoja wa serikali, kijana aliyeajiriwa hivi karibuni ambaye alikuwa bado hajanunua koti na kwa hiyo alikuwa na muda wa kusoma. Aligundua kwamba karibu kila sheria ya nchi ile ina kifungu kinachosema hati itasainiwa *na mtumishi aliyepo, kwa mkono wake*. Kwa miaka mingi kifungu hiki hakikumsumbua mtu, kwa kuwa hakuna kilichosainiwa. Lakini sasa kulikuwa na uamuzi wa Kamati Kuu. Makoti yapo, ndiyo. Lakini koti lina mkono usio na kiganja. Katika jamhuri nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyethibitishwa kisheria kwamba yupo, na ana mkono. Alikaa kwenye dirisha la Idara ya Visima.

Habari zilisafiri. Asubuhi iliyofuata foleni ya visima ilikuwa na watu wasiotaka maji. Walikuja wenye vyeti vya kuzaliwa, wenye leseni za bucha, wenye hati za ndoa na watatu wenye talaka. Alikuja balozi wa nchi jirani aliyesubiri kukabidhi hati zake za utambulisho tangu mtangulizi wake alipostaafu. Foleni ilizunguka jengo, ikapita mbele ya wizara, ikaingia barabarani. Walinzi walipojaribu kuivunja, waligundua kwamba na wao wana barua zao za uhamisho.

Bi Zamoyoni alifanya kama alivyozoea. Alichukua ombi moja, akalisoma, akalijibu, ndipo akashika lingine. Mtu aliyetaka kumwonesha njia ya mkato alimrudisha nyuma. Aliyekosa kiambatisho alimwambia kimekosekana nini. Mjaka, ambaye kibali chake kilihakikiwa upya na kuonekana hakina hewa ndani yake, alibaki pale siku nzima kwa hiari, akipanga watu.

"Wa visima huku, wa talaka kule," alikuwa anasema. "Mabalozi msisukumane. Wewe mzee, mbona unatangulia? Wote hapa tuna haraka."

"Mimi ni Katibu Mkuu."

"Hongera sana. Nyuma ya yule mama mwenye kuku."

Takwimu za mwaka ule zilipotoka, ilionekana kwamba nchi imefanya kazi nyingi kuliko miaka yote iliyotangulia ikijumlishwa. Serikali ilitoa taarifa kwamba mafanikio hayo yametokana na semina.

*

Ilikuwa siku ya katikati ya juma, kabla ya adhuhuri, Mjaka alipomwona mtu mwenye kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi, amesimama kwenye mstari kati ya fundi viatu na mwalimu. Mtu huyo alikuwa akiitazama saa yake kila mara. Alisogea taratibu kama wengine, hatua kwa hatua, mpaka akafika dirishani na kuivua kofia.

Bi Zamoyoni alimtambua. Alimsalimu kama anavyowasalimu wote. "Karibu, Mheshimiwa. Za kazi?"

"Nzuri, mama, nzuri," alisema Waziri wa Muda na Mahudhurio. Aliinama ili wa nyuma wasisikie. "Nina kijikaratasi hapa. Nilikipeleka kwa wahusika, kila nikienda naambiwa wametoka kidogo. Mwaka wa pili huu. Mama, hivi unajua inavyochosha kukaa kwenye benchi unatazamana na koti la mtu?"

"Nasikia huwa inachosha."

"Inaua. Sasa wakaniambia mwenye uwezo wa kusaini ni wewe."

Alipitisha karatasi chini ya kioo. Bi Zamoyoni aliifungua, akaisoma kutoka juu hadi chini, na akarudia mstari wa katikati. Fundi viatu, aliyekuwa amekwisha kuhudumiwa, alisimama kando akijifanya anahesabu misumari.

"Unaomba likizo," alisema Bi Zamoyoni.

"Nimechoka, mama. Kuwepo kila siku si mchezo."

"Karatasi iko sawa. Sahihi yako ipo, tarehe ipo." Alishika kalamu, akaiweka kwenye mstari, kisha akasita kwa sababu ya jambo dogo la utaratibu, kwani fomu za nchi ile zina nafasi ambayo lazima ijazwe na aliye dirishani. "Hapa pana swali moja. Ni likizo ya kutoka wapi?"

Waziri alifungua kinywa. Aliitazama saa, nayo haikumsaidia. Aligeuka nyuma, kama mtu aliyesikia ameitwa jina lake, akaikuta foleni nzima imenyoosha shingo inasubiri jibu.

Bi Zamoyoni alimsogezea kiti kilichokuwa kando ya dirisha.

"Keti ufikirie, Mheshimiwa. Usiwe na haraka," alisema, akamwita mwalimu kwa ishara ya kichwa. "Mimi nipo."